Wazazi Nyuma ya Nguzo

Mnataka kuwa marefa. Vizuri. Basi kwanza temeni hizo bigijii. Refa anayetafuna huonekana kama anawadharau watu, na kuwadharau watu ni jambo la kufanywa kimoyomoyo, uso ukiwa umetulia kama maji ya mtungini. Mimi nimelifanya miaka mingi na hakuna aliyenigundua.

Kwa asiyenijua, naitwa Gulshan. Ni Mhindi wa Tanga, Mswahili kwa ulimi na Mkanada kwa pasipoti. Shuleni Tanga nilicheza mpira wa magongo, nikawa golikipa mkali hata wasichana wa Korogwe walikuwa wakinizungumzia kwa majina ambayo sitayarudia hapa. Nilipohamia Toronto nilianza kuchezesha netiboli kwenye mashule ya Parkdale, kisha magongo, kisha chochote kilichokuwa na filimbi. Magoti yalipogoma kukimbia, nilidhani kazi imekwisha. Ndipo nikakutana na Mzee Des.

Des alikuwa Mwaustralia, fundi wa mapaa aliyestaafu, mrefu, pua nyekundu mwaka mzima. Aliniona nikichechemea baada ya mechi ya shule akaniambia kwamba upo mchezo mmoja duniani ambao refa analipwa kwa kusimama. Nikamwambia mchezo huo unaitwa ndoa. Akacheka mpaka akakohoa, na wiki iliyofuata akanipeleka kuona futboli ya Kiaustralia.

Kwa wale ambao hawajawahi kuuona mchezo huo, nitaeleza mara moja tu. Mpira una umbo la yai. Uwanja ni wa mviringo, kwa hiyo hapa Toronto tunaazima viwanja vya kriketi. Kila upande una nguzo nne zilizosimama mstari mmoja: mbili ndefu katikati, mbili fupi pembeni. Ukipiga mpira kwa mguu ukapita katikati ya nguzo ndefu bila kuguswa na mtu, ni goli, pointi sita. Ukiguswa na mtu yeyote njiani, hata mwenzako, au ukigonga nguzo ndefu, au ukipita kati ya ndefu na fupi, unapata pointi moja ya kukufuta machozi. Refa wa goli anasimama pale pale kwenye mstari. Goli, anapeperusha bendera mbili. Pointi moja, bendera moja. Ndiyo kazi yangu yote hiyo, na watu wazima wameniita majina ya wanyama kwa ajili yake.

Des alinifundisha kwa ukali. Siku ya kwanza niliufuata mpira kwa macho, ukapita juu ya kichwa changu, nikageuka nao, nikapiga nguzo kwa paji la uso. Wachezaji walisimama kunipa pole. Des akaja na barafu akasema, "Nguzo haiendi popote, Gulshan. Mpira ndio unaokuja. Sasa kwa nini unaukimbilia mpira?" Tangu hapo nikajifunza: mpira wa juu, jipange mapema chini ya nguzo, ukipe kisogo kila kitu isipokuwa mstari. Na mpira ukiguswa na kidole, utazame unavyozunguka. Mpira usioguswa unabingirika hewani kwa mwendo mmoja. Ukiguswa hata na kucha, unayumba kama mlevi aliyeitwa jina lake. Sikilizeni pia. Kidole kina sauti yake juu ya ngozi ya mpira. Nyinyi wa leo mnaovaa vitu masikioni hata mkiwa uwanjani, hiyo sauti mtaisikia wapi?

Enzi zetu tulivaa koti jeupe refu, kama wauza nyama. Siku hizi wanawavisha fulana za rangi ya ndimu na kuwawekea kamera. Sawa. Koti lilikuwa na faida moja: lilimfanya mtu aonekane bubu. Mwanamke mzee wa Kihindi, koti jeupe, bendera mbili, hakuna aliyefikiri kwamba anasikia. Na kazi hii, wanangu, nusu yake ni kusikia.

Hapo ndipo tunafika kwenye lile tamasha.

Lilikuwa tamasha la vipaji la wasichana wa mkoa, siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwenye uwanja mmoja wa Etobicoke, magharibi mwa Toronto, ambao upepo wa ziwani unauvuka bila hodi. Timu za wasichana zilitoka kila upande wa mkoa. Wateuzi walikuja na kaptura zao za kaki na miwani ya jua, kutafuta watakaopelekwa kambi ya mafunzo. Nimeona minada ya mbuzi kule kwetu kabla ya Idi, na nawaapia, mbuzi walipewa heshima zaidi. Wasichana waliandikwa namba mikononi. Walipimwa urefu, walipimwa mabawa ya mikono, yaani upana wake ikinyooshwa, waliambiwa waruke waguse kijiti. Mteuzi mmoja alikuwa na kidude kinachoruka angani kikipiga picha. Kilinaswa kwenye mti kabla ya mechi ya kwanza, na watu wazima watatu wakasahau watoto wakaenda kurusha viatu juu ya mti.

Kwenye timu ya wenyeji walikuwamo wasichana wawili waliokuwa wakitembea pamoja kama kiatu na soksi. Wa kwanza ni Chebet, mrefu, mpole, mwenye mguu wa kulia wenye nguvu za ajabu. Wa pili ni Furaha, mfupi, Mkongo wa mtaa wa Mount Dennis, asiyeweza kunyamaza, mwenye mikono inayodaka kama gundi. Mwaka mzima nilikuwa nimewaona wakicheza: Chebet anapiga mpira mrefu, Furaha anaudaka mbele ya goli, anafunga. Rahisi kama kumenya ndizi.

Siku ya tamasha, ndizi ilikataa kumenyeka. Chebet akipata mpira, hata awe pembeni kabisa ambako goli linaonekana jembamba kama sindano, anapiga mwenyewe. Pointi moja. Anapiga tena. Pointi moja. Bendera yangu ya kulia ilichoka, ya kushoto ikasahau kazi. Furaha amesimama peke yake mbele yangu, mikono juu, anapiga kelele kwa Kiingereza chao, "Niko huru! Chebet, niko huru!" na mpira unapita juu yake kama ndege isiyotua.

Niligundua sababu baada ya muda mfupi, kwa sababu ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Baba yake Chebet, Bwana Kiprop, dalali wa nyumba, mtu wa Eldoret, alikuwa ameegemea uzio nyuma ya nguzo. Pembeni yake alisimama Trent, kocha wa kukodi aliyeajiriwa kumnoa Chebet peke yake. Trent alikuwa kijana mwenye nywele zilizosimama na mkoba wa koni za plastiki. Kocha wa timu, binti mmoja mpole aliyewaogopa wazazi kuliko radi, alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kuelekeza wachezaji kutoka nje. Kwa hiyo Trent alinong'ona, na Kiprop akatafsiri kwa sauti, kwa Kiswahili, akijua hakuna mwenye mamlaka atakayeelewa.

"Chebet! Usimpe huyo! Piga mwenyewe!"

"Wachana na Furaha! Hawa watu wanaangalia nani amefunga!"

Na mimi nimesimama hatua chache mbele yake, koti jeupe, bubu.

Chebet alikuwa haongei Kiswahili. Wengi wao hapa hivyo hivyo: wanakisikia kila neno na wanajibu kwa Kiingereza. Lakini kusikia alisikia. Kila baba yake alipopaza sauti, mabega ya yule mtoto yalipanda kama ya mtu anayenyeshewa.

Tukafika robo ya mwisho, dakika ya mwisho. Timu yao iko nyuma kwa pointi chache, goli moja linatosha kushinda. Chebet akadaka mpira mbali kidogo, upande wa kulia. Furaha akakimbilia mbele ya goli. Kiprop nyuma yangu akanguruma, "Mwenyewe! Mwenyewe!" Chebet akapiga.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi ilipo. Nilikuwa nimeshajipanga chini ya nguzo ya kushoto. Niliuona mpira tangu ulipotoka mguuni. Ulitoka vibaya, upande wa kidole gumba, na upepo wa ziwani ukaupokea. Ulikuwa unakuja moja kwa moja kwenye nguzo. Kugonga nguzo ni pointi moja na mechi imekwisha. Furaha aliliona hilo pia. Akaruka, vidole vimefunguka, vidole gumba vimekaribiana, mikono ya mtu anayetaka kudaka. Angeudaka, angepewa nafasi ya kupiga akiwa amelikabili goli, na angefunga hata akiwa amefumba macho. Lakini alikuwa mfupi, maskini. Ncha za vidole tu ndizo zilizougusa. Nikasikia. Mpira ukayumba, ukakwepa nguzo, ukapita katikati ya nguzo ndefu, safi kabisa, mbele ya macho ya watu wote.

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Nikainua bendera moja.

Jamani. Nimewahi kufukuzwa na mbwa, nimewahi kurushiwa chupa ya juisi, lakini kelele kama zile zilizofuata sijazisikia tena. Refa wa katikati alinijia kuniuliza. Kabla sijajibu, Furaha mwenyewe akasema, "Niliugusa." Akasema kweli bila kuulizwa, na kwa kweli hiyo akachomwa.

"Ameuzuia kwa makusudi!" Trent alipiga kelele kwa Kiingereza. "Ana wivu! Ameharibu goli la mwenzake!"

Neno hilo likaruka uzio. Dakika hiyo hiyo lilikuwa limefika kwa wazazi wengine, na wachezaji wenzake wakaanza kumtazama Furaha kama mwizi wa kuku. Kiprop naye akamwambia mtu aliyekuwa karibu yake, kwa Kiswahili, akinielekezea kidevu, "Na hiki kibibi cha Kihindi hakioni. Kimewekwa hapa kupeperusha matambara."

Kanuni inasema refa haongei na wazazi. Ni kanuni nzuri, na nyinyi muishike. Mimi niliugeukia ule uzio.

"Kibibi anaona, baba," nikamwambia kwa Kiswahili cha Tanga, polepole. "Na anasikia pia. Amekusikia tangu asubuhi."

Ningependa mngeiona ile sura. Mdomo ulibaki wazi kama mlango wa choo cha stesheni. "Samahani, mama," akasema, "sikujua..."

"Hukujua nini? Kwamba nasikia, au kwamba unakosea?" Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshavunja kanuni na kanuni haivunjiki nusu. "Mpira wa mwanao ulikuwa unaenda kwenye nguzo. Huyu mtoto alitaka kuuokoa. Kama huniamini mimi, muulize aliyeupiga. Mpigaji anajua mguu wake."

Wote wakamgeukia Chebet. Alikuwa amefika karibu, anahema. Furaha alimtazama rafiki yake, anasubiri. Ilikuwa kazi ya neno moja tu.

Chebet akainamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Sikumlaumu sana. Ana umri gani yule? Baba mbele, kocha wa kukodi pembeni, wateuzi wanaandika. Lakini niliuona uso wa Furaha, na nawaambia, sijaona goli lililokataliwa likamuumiza mtu namna ile. Mama yake akaingia uwanjani. Alikuwa mama mnene wa Bukavu, kitambaa kichwani, ametoka zamu ya usafi hospitalini na hakuwa na hamu ya upuuzi. Hakupiga kelele. Alimshika mwanawe bega akawaambia wote, "Mutoto yangu hana wivu ya mutu. Miye ndiye nilimuzaa, ninamujua." Kisha wakatoka, wakavuka barabara, wakapanda basi.

Wale wateuzi walikuwa wakifanya nini wakati huo? Walikuwa wakitazama tena picha za kile kidude chao, ambacho kilikuwa bado juu ya mti. Yaani walikuwa wakitazama picha za majani.

Jumapili nilidhani Furaha hatakuja. Alikuja. Mama yake alimleta kwa mkono, akamkalisha kwenye benchi, akaniambia alipopita, "Dada, kitu umeanza, unamaliza. Si ndiyo?" Nikasema ndiyo hasa. Kocha mpole hakumwingiza. Aliogopa. Furaha alikaa akijifunga na kujifungua kamba za viatu mpaka mwenzake mmoja alipoteguka kifundo cha mguu, na hapo hakukuwa na mwingine wa kuingiza.

Kiprop na Trent walikuwa mahali pale pale nyuma ya nguzo zangu. Kiprop alinisalimia, "Shikamoo, mama." Nikasema marahaba na nikampa kisogo.

Mpira wa kwanza Chebet aliopata baada ya Furaha kuingia, alikuwa karibu na goli, peke yake, hakuna mpinzani hata wa dawa. Kipofu angefunga. Badala yake akageuka, akatafuta, akampigia Furaha aliyekuwa mbali, amebanwa na wapinzani wawili. Ukapotea. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu Chebet yuko hapa mbele yangu, ningeweza kumgusa kwa fimbo ya bendera, goli liko wazi kama uwanja wa ndege, naye anampasia Furaha nyuma.

Furaha akapandwa na hasira. Akaukamata mpira na kumrudishia kwa kuupiga ngumi, ndivyo pasi ya mkono inavyotolewa. "Piga goli, zezeta we!" Hilo alilisema kwa Kiswahili, bila shaka la mama yake.

Chebet akausimamisha mchezo mzima kwa kutofanya lolote. Alisimama na mpira mikononi, machozi yanamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akafungua mdomo na kikatoka Kiswahili. Kilikuwa kimevunjikavunjika, kimeshikana na Kiingereza kama ugali uliolala. Lakini hakukisema kwa Furaha. Alikisema juu ya bega langu, kwa sauti kubwa, kwenye uzio.

"Dadi! Ile ya jana ilikuwa inaenda kwa nguzo. Mimi nilijua. Nilijua!"

Wapinzani walikuja wakauchukua mpira mikononi mwake kwa upole kabisa, kama mtu anayempokea mgeni mizigo, wakaenda zao. Mchezo ni mchezo.

Sikugeuka nyuma. Refa hageuki. Lakini masikio hayana kisogo. Trent alisema kitu kuhusu umakini na nidhamu ya akili. Kiprop akamjibu kwa Kiingereza, neno moja: anyamaze.

Wale wawili walicheza vibaya sana dakika zilizobaki, walikuwa wakicheka na kulia kwa pamoja. Furaha alifunga moja. Chebet alipiga mrefu, Furaha akadaka mbele yangu, akarudi nyuma, akapiga. Nilipeperusha bendera mbili, na sikatai kwamba nilizipeperusha kwa muda mrefu kuliko kanuni inavyotaka. Timu yao ilishindwa vibaya.

Mwisho wateuzi walitangaza majina. Chebet hakuitwa, walisema hana uamuzi mbele ya goli. Furaha hakuitwa, walisema ni mfupi, jambo ambalo mama yake angewaambia bure kabla ya kuwapima watoto wa watu kwa kamba. Walimwita msichana mmoja mrefu kama mnazi ambaye siku mbili zote alikuwa akiuogopa mpira. Mabawa yake ya mikono yaliwavutia. Yule mtoto mwenyewe alishangaa hadi akamtazama aliye nyuma yake kuona kama ndiye aliyeitwa.

Nilikuwa navua koti nilipomwona Kiprop akienda kwa Mama Furaha kwenye kituo cha basi. Nikajongea, nikajifanya natafuta kitu kwenye begi. Nimeshawaambia, nusu ya kazi ni kusikia.

"Mama Furaha," akasema, kofia mkononi. "Jana nilikosea. Nilimwachia mtu amtukane mtoto wako, na mimi nikanyamaza. Niwie radhi."

Mama Furaha alimtazama kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Miye umeniambia," akasema. "Na mutoto?"

Kiprop akageuka kwa Furaha. Alitaka kusema kama mzee, akashindwa. Akasema kama mtu. "Furaha, pole. Ulitaka kusaidia. Nilikosea." Furaha akasema kwa Kiingereza kwamba ni sawa, akamkanyaga Chebet mguu, Chebet naye akamkanyaga.

"Mvua inakuja," Kiprop akasema. "Niruhusu niwapeleke nyumbani. Nina gari."

"Nitapanda," Mama Furaha akajibu. "Ila mbele ninakaa miye. Weye utaendesha, na njia yote mupaka Mount Dennis utanisikiliza."

"Sawa, mama."

Wasichana wakajitupa nyuma, na viatu vya udongo, na mikoba, na mpira katikati yao. Hapo ndipo Trent alipotokea na koni zake chini ya kwapa. Ilionekana yeye naye alikuwa amekuja na gari hilo. Alichungulia kiti cha mbele, akamwona Mama Furaha anafunga mkanda. Alichungulia nyuma, hakukuwa na nafasi hata ya koni. Kiprop akampungia mkono kwa adabu na kuondoa gari.

Trent alibaki ukingoni mwa barabara akitazama huku na huku. Mwisho akanijia mimi, maana sisi wawili tu ndio tuliobaki, akaniuliza kwa heshima ambayo sikuwahi kuisikia kwake kama nafahamu basi la kumfikisha kwenye treni linapita wapi.

Nikamwonyesha. Lilikuwa linapita upande wa pili wa uwanja, mbali kidogo, na mvua ilikuwa imeshaanza.